Mchi si kelele: mwongozo wa kusikiliza muziki upya, kutoka Tabora

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilikwenda kijijini Uyui kumrekodi bibi yangu mzaa mama. Nilitaka wimbo mmoja tu, ule wa kutwangia mtama, ambao mama alikuwa akiuimba nusunusu tulipokuwa wadogo. Nikaweka simu juu ya kigoda, nikamkalisha Bibi kwenye mkeka chini ya mwembe, nikamwambia aimbe.

"Niimbe nimekaa?" akauliza.

"Ndiyo Bibi, usije ukachoka."

Akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Nikamwonyesha kwa mkono aendelee. Akanitazama kama mtu anayengoja chenji yake. "Naendeleaje mjukuu wangu, na wewe hujaitikia?" Mimi nilikuwa nimebana hata pumzi, nisiharibu rekodi.

Ikabidi aitwe mama mkubwa kutoka nyumba ya pili. Wakasimama kwenye kinu, michi miwili ikipokezana, na wimbo ukatoka wenyewe, dakika kumi na zaidi, mpaka mtama ukawa tayari. Nikarudi mjini na faili langu nikiwa na furaha. Nyumbani Isevya nikalifungua kwenye programu ya simu yenye kitufe cha kutenga sauti ya mtu na kelele. Nikabonyeza. Nilipocheza tena, michi haikuwepo. Zilibaki sauti mbili za wanawake zikielea hewani, zinaingia pasipotarajiwa, zinakata pumzi bila sababu, kama watu wanaoongea usingizini. Wimbo wote ulikuwa umesimama juu ya mchi, na mchi umefutwa kwa sababu programu iliuhesabu kuwa kelele. Na aliyebonyeza kitufe ni mimi, mtoto wa nyumba hiyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza sikio langu lilisomeshwa wapi. Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya kulifundisha upya, peke yangu kwanza, kisha na vijana wachache tunaokutana Jumamosi jioni. Unahitaji simu, spika za masikioni, daftari, na mtu mzima mmoja anayekumbuka nyimbo. Tenga wiki nne au tano, na usiruke hatua mbili za kwanza hata kama zinaonekana nyepesi.

Hatua ya 1: Andika historia ya sikio lako

Chukua daftari, andika majibu ya maswali haya kwa uaminifu. Wimbo wa kwanza uliofundishwa shuleni ulikuwa wa lugha gani? Nani alikuambia kwa mara ya kwanza kwamba sauti yako ni nzuri au mbaya, na alipimia nini? Ukisikia ngoma mtaani, neno la kwanza linalokujia ni lipi: muziki, fujo, utamaduni, ushamba? Wimbo ukizidi dakika nne, mkono unakwenda wapi?

Hapa Tabora historia hiyo ina tarehe. Mapadri Weupe walifika 1878. Wamoraviani walipokea kituo cha Urambo 1898. Reli ya kati ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pamoja na dini, shule na askari zikaja namna za kupanga sauti: nyimbo za beti nne zenye urefu sawa, ngazi ya do-re-mi iliyokuwa imekuzwa Uingereza karne ya 19 ili kufundishia watu kuimba haraka, bendi ya tarumbeta ya kutembelea gwaride. Vitu hivyo havikuja peke yake. Vilikuja na hukumu, kwamba hii ndiyo nyimbo na ile nyingine ni kelele za washenzi. Nyimbo nyingi zimepita, hukumu bado tunayo.

Julius Nyerere alisoma Tabora tangu 1937, na baada ya Makerere alirudi kufundisha St. Mary's hapa hapa. Desemba 1962, akilihutubia Bunge mara tu baada ya kuwa Rais, alikumbusha kwamba shuleni walifundishwa kuimba nyimbo za Wazungu, akauliza ni wangapi kati yao waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Akasema wengi walijua kucheza rumba na chachacha, na hawajawahi hata kuisikia Gombe Sugu, Mangala, Nyang'umumi, Kiduo au Lele Mama. Hotuba hiyo hiyo ndiyo iliyotangaza wizara ya utamaduni. Nikiisoma huwa nasimama kwenye Wanyamwezi. Miaka yake ya sekondari aliiishi katikati yao, na kwa maneno yake mwenyewe nyimbo za darasani zilikuwa za Wazungu.

Hatua ya 2: Liweke neno "ngoma" mezani

Kiswahili kiliazima neno muziki. Kabla ya hapo kulikuwa na ngoma, na ngoma ni chombo cha kupigwa, ni uchezaji, ni wimbo, na ni shughuli yenyewe iliyowakutanisha watu. "Jana kulikuwa na ngoma" haimaanishi kulikuwa na pipa lililowambwa ngozi. Wanyamwezi na Wasukuma wana mbina, nalo halitenganishi mguu na sauti. Ng'ambo ya mpaka wa Kigoma, Burundi, ingoma imekuwa jina la chombo na la ufalme kwa pamoja.

Kwa hiyo zoezi la wiki ya kwanza ni hili. Kila ukisikiliza kitu, kiwe cha redioni, harusini au kwenye daladala, usiandike "nimeupenda" wala "sikuupenda". Andika majibu ya maswali matano: hii inafanya kazi gani? Nani anaanza na nani anaitikia? Mwili uko wapi? Ingekwisha lini kama isingekatwa? Nani hayupo ambaye angepaswa kuwepo?

Swali la mwisho ndilo linalouma. Wimbo wa kulimia uliopigwa jukwaani siku ya maonyesho una kila kitu isipokuwa shamba. Bugobogobo ya Wasukuma ni ngoma ya kulima, majembe yanakwenda na mapigo. Ukiitazama uwanjani, majembe yakirushwa hewani bila kugusa udongo, andika kwenye daftari: udongo haupo. Siyo kwamba hao wachezaji wamekosea, wanapata riziki yao. Ila ujue unachokisikia kimepungua nini.

Hatua ya 3: Itikia

Hapa kaa muda mrefu. Wiki nzima, ukiweza mbili.

Tulifundishwa kwamba msikilizaji mzuri ni aliyenyamaza. Miguu pamoja, mikono mapajani, makofi mwishoni. Adabu hiyo ni ya kumbi za tamasha za Ulaya, na hata huko haina umri mkubwa. Kwenye ngoma, aliyenyamaza ni mgeni au mgonjwa. Manju anatupa mstari, mnaupokea; msipoupokea, hana pa kusimama kwa ajili ya mstari unaofuata. Kiitikio ndicho kinachompa nafasi ya kutunga. Bibi hakukataa kuimba siku ile. Nilimwondolea nusu ya wimbo halafu nikamwambia aendelee.

Anza na mikono. Kaa, weka viganja juu ya mapaja. Hesabu polepole hadi 6, kisha rudia bila kusimama. Mkono wa kushoto upige kwenye 1 na 4. Ukizoea, acha kushoto kipumzike, mkono wa kulia upige kwenye 1, 3 na 5. Ukizoea huo pia, unganisha. Kwenye 1 vinapiga vyote viwili, 3 kulia, 4 kushoto, 5 kulia. Ukitatizika, acha namba useme maneno "njoo tucheze", ukivuta kidogo silabi ya kwanza na ya mwisho: njoo (yote miwili), tu (kulia), che (kushoto), ze (kulia). Rudia mpaka mdomo uchoke na mikono iendelee yenyewe. Kwa wengi wetu huchukua jioni mbili.

Sasa simama, uanze kutembea palepale kwa hatua za mkono wa kushoto, yaani hatua mbili katika kila mzunguko, huku mikono ikiendelea. Utasikia ngoma ya mwendo mmoja. Bila kubadilisha mikono hata kidogo, hamisha miguu ifuate kulia, hatua tatu katika kila mzunguko. Ngoma imebadilika! Mikono ni ileile, spidi ni ileile, na unasikia kitu kingine kabisa. Kijana mmoja wa kundi letu alipofika hapo alicheka kwa sauti, akadai tumemfanyia mazingaombwe.

Ukiulizwa mapigo ya kweli ni yapi, mawili au matatu, jibu liko miguuni mwa anayecheza. Wawili wanaweza kucheza ngoma moja, kila mmoja kwa mguu wake, na wote wakawa sahihi. Karatasi ya nota inakulazimisha uchague moja, uchore mistari ya kugawa, halafu mapigo mengine yote uyaite ya kupishana. Programu za kutengenezea muziki zinafanya hivyo hivyo, mara nyingi zinafunguka zikiwa zimeshajiwekea hesabu ya nne kwa nne. Unaweza kuibadilisha, ukijua kwamba kuna cha kubadilisha.

Baada ya hapo nenda kwenye kinu. Sifanyi mzaha. Tafuta nyumba yenye kinu, omba kutwanga na mwenzako, mchi wako ukishuka wake unapanda. Mkipokezana vizuri imbeni chochote. Utajua kwa nini wimbo wa kutwangia unavuta pumzi pale unapovuta. Mabega yatakufundisha kitu ambacho spika za masikioni haziwezi.

Hatua ya 4: Acha kusema "ametoka nje ya kii"

Husemwa hivyo kwa mwimbaji ambaye sauti yake haikai kwenye nota za kinanda. Kinanda cha kanisani kimegawa ngazi ya sauti vipande 12 vilivyo sawa kabisa. Mgawanyo huo ni makubaliano ya mafundi wa Ulaya, ulioenea zaidi pamoja na piano, na hata sauti ya kupimia, mitetemo 440 kwa sekunde, ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Ni makubaliano mazuri kwa kazi yake. Lakini koo la binadamu halikuhudhuria mkutano huo.

Pakua programu yoyote ya bure ya kupimia sauti, ile wanayotumia wapiga gitaa. Mwombe mzee aimbe, au mpiga zeze apige nyuzi zake, uangalie mshale. Mara nyingi mshale utasimama katikati ya nota mbili za kinanda, na utasimama palepale kila akirudi kwenye neno lile. Mtu aliyekosea hukosea mahali tofauti kila mara. Huyu anarudi palepale. Andika mahali hapo kwenye daftari, kisha funga programu na ujaribu kumfuata kwa koo lako mpaka usikie sauti zenu zimeshikana.

Kwa Wagogo, majirani zetu wa mashariki, jambo hili linasikika wazi zaidi. Nyimbo zao nyingi hufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unaotetema, na mwanamuziki wao Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alizipeleka dunia nzima bila kuzinyoosha. Wapo wanaozisikia wakasema zinahitaji kurekebishwa. Programu za kunyoosha sauti studio, zilizoanza kusambaa baada ya 1997, zinavuta kila sauti mpaka kwenye kipande kilicho karibu kati ya vile 12. Mtayarishaji akikuwekea bila kukuuliza, mwulize ananyoosha kwa rula ya nani.

Walimu wa kwaya watanikasirikia. Mimi mwenyewe naimba besi kwenye kwaya na nota nazipenda. Ninachoomba ni kwamba mwanakwaya mwenye sauti ya kwao asiambiwe hajui kuimba. Mwambieni kwaya hii inatumia ngazi nyingine, kama mnavyomwambia mtu kwamba ibada hii ni ya Kiswahili.

Hatua ya 5: Penda mkwaruzo

Hii ni fupi. Njuga miguuni, manyanga, vipande vya bati vinavyofungwa kwenye chombo ili kiungurume, utando wa mayai ya buibui unaobandikwa kwenye tundu la marimba ya Wagogo ili sauti ipate mvumo: vyote vimewekwa kwa makusudi, na fundi alihangaika kuvipata. Sikio lililosomeshwa studio linavisikia kama ubovu wa spika. Tafuta rekodi moja yenye mkwaruzo, uisikilize mara tatu ukifuata mkwaruzo peke yake, uache wimbo upite. Mara ya nne sikiliza vyote.

Hatua ya 6: Zisikilize rekodi za zamani kama unayetembelea ndugu aliyefungwa

Mwaka 1900 ilianzishwa Berlin hifadhi ya sauti za dunia zilizonaswa kwenye silinda za nta, nyingi zikitoka kwenye makoloni. Erich von Hornbostel, aliyeiongoza kwa miaka mingi, alichapisha 1909 uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, zikiwa zimehamishiwa kwenye nota. Baadaye, mwaka 1928, aliandika kwamba Wazungu huanzia kwenye kusikia na Waafrika huanzia kwenye mwendo wa mwili. Kuna punje ya kweli ndani yake, nawe umeionja kwenye kinu. Lakini angalia ilivyopangwa: sisi miguu, wao masikio. Kofi Agawu, mwanazuoni wa muziki kutoka Ghana, ameandika kwa miaka mingi akipinga tabia hii ya kutugeuza mapigo matupu, kana kwamba mtunzi wa Kiafrika hafikiri.

Kisha akaja Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika. Alirekodi Tanganyika mwaka 1950, nyimbo za Wanyamwezi zikiwemo, na 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Sehemu ya rekodi zake zinapatikana mtandaoni. Namshukuru, bila yeye sauti nyingi zingekwenda na wenyewe. Na bado kuna namna ya kumsikiliza.

Kwanza, tazama urefu. Santuri ya enzi hizo ilibeba kama dakika tatu kwa kila upande, kwa hiyo ngoma ya usiku kucha unaipata kwa dakika tatu, mara nyingi ikififia wakati ndiyo inachanganya. Usiseme nyimbo zao zilikuwa fupi. Pili, sikia kipaza sauti kilipo. Tracey alizoea kukishika mkononi na kukisogeza kwa anayemtaka asikike, kwa hiyo unasikia uamuzi wake juu ya nani muhimu. Tafuta sauti zilizo mbali, watoto, mtu anayekohoa, kigelegele kilichokatwa. Tatu, soma kilichoandikwa: mwimbaji ametajwa jina, au ni "wanaume wa Kinyamwezi"? Kama jina lipo, litamke kwa sauti kabla ya kubonyeza. Sisi Jumamosi tunafanya hivyo, na chumba hubadilika. Nne, kaa na mzee anayejua lugha, msikilize pamoja, na usimkatize kumuuliza maana mpaka aitikie kwanza.

Dylan Robinson, mwanazuoni wa watu wa Stó:lō huko Canada, amelipa jambo hili jina linalonishika: kusikiliza kwa njaa. Katika lugha ya kwao, neno lililotumiwa kuwaita walowezi waliomiminika kutafuta dhahabu mwaka 1858 linahusu wenye njaa. Walikuja na njaa ya chakula na ya dhahabu. Sikio nalo linaweza kuja hivyo, likatafuta cha kubeba, likabeba, likaondoka. Mimi na simu yangu juu ya kigoda tulikuwa na njaa hiyo.

Hatua ya 7: Usitupe gitaa

Wapo watakaofika hapa waseme basi turudi kwenye manyanga tu, mengine yote ya mkoloni. Nakataa kabisa. Muziki wa Tabora haujawahi kukaa ndani ya uzio. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa njia kuu ya Ujiji hadi Bagamoyo na walibeba nyimbo kwenda na kurudi. Beni, ile ngoma ya kuigiza bendi ya jeshi, yenye vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi na vyeo, ilitoka pwani ikaenea bara. Watu waliichukua gwaride ya mtawala wakaigeuza shughuli yao, na viongozi wakawachagua wenyewe.

Na dansi. Mji huu ulitoa Kiko Kids ya Salim Zahoro, ulitoa Nyanyembe Jazz, ulitoa Tabora Jazz ya kina Shem Karenga, wana Segere Matata. Gitaa ni la Ulaya, sawa. Lakini rumba yenyewe ilipita wapi? Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilisambaza Afrika santuri za Kuba, na watu wa Kongo wakazitambua mara moja, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mapigo ya babu zao waliouzwa ng'ambo. Kutoka Kongo ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda treni Kigoma.

Zoezi: chukua wimbo wowote wa bendi hizo wa miaka ya 60 au 70. Sikiliza mara moja ukifuata gitaa la solo, mara moja rithimu, mara moja besi. Kisha tafuta pale wimbo unapogeuka, maneno yanapopungua na magitaa yanaposhika mazungumzo. Jiulize nani anaanza na nani anaitikia. Ni Bibi na mama mkubwa kwenye kinu, wamevaa suruali za kengele. Vijana wa Kigoma walioijaza Bongo Fleva wasikilize kwa maswali hayo hayo, hawana sababu ya kusamehewa wala kudharauliwa.

Hatua ya 8: Panga upya rafu ya simu yako

Mwaka 1987 watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja London wakakubaliana kwamba muziki wote usioingia kwenye makundi yao dukani uitwe "muziki wa dunia". Walitaka kuuza, na waliuza. Matokeo yake zeze la Dodoma na filimbi ya Bolivia vikalala rafu moja, na dunia ikawa ni kila mtu isipokuwa wao. Tuzo za Grammy zilibadilisha jina la kipengele chake mwaka 2020, rafu ikabaki.

Futa orodha zilizopangwa na programu. Tengeneza zako kwa kazi ya wimbo: wa kubembelezea mtoto, wa kulimia, wa msibani, wa kumsema mtu bila kumtaja, wa safari. Ndani ya kila orodha changanya nchi utakavyo. Utashangaa nani anakaa karibu na nani.

Hatua ya 9: Rekodi kwa ruhusa, na ujue pa kuzima

Sasa unaweza kwenda kwa mwenye nyimbo. Nenda mara ya kwanza bila kutoa simu mfukoni. Beba sukari au sabuni kama unavyokwenda kwa mkubwa yeyote, salimia, saidia kazi iliyopo. Eleza unataka nini, nani atasikia, na kama kuna siku utaweka mtandaoni. Ruhusa ya "rekodi" siyo ruhusa ya "sambaza", ulizia kila moja peke yake. Waulize pia nani mwingine mwenye sauti kwenye wimbo huo, maana ruhusa ya mmoja haitoshi.

Hakikisha wanaoitikia wapo, na kazi ya wimbo ipo. Simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa, mita mbili au tatu kutoka kwenye kinu, ili mtikisiko wa ardhi usiingie na mchi usizibe sauti. Zima vitufe vyote vya kuondoa kelele. Chagua WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kama simu inayo. Washa kabla hawajaanza, zima baada ya wao kupumzika na kupiga soga, kwa sababu kwenye soga ndiko utakakosikia huu wimbo uliimbwa lini na dhidi ya nani. Wewe itikia, rekodi itavumilia. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti isibanwe.

Mwanzoni au mwishoni tamka tarehe, mahali na majina, kama wenyewe wanataka yatajwe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda pia kazi za sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anahitaji kibali. Watayarishaji wanaokata sauti ya bibi wa mtu na kuibandika kwenye biti wajue hilo.

Halafu kuna nyimbo ambazo si zako. Waswezi, watu wa chama cha mizimu cha huku kwetu, kwa mfano, wana nyimbo za walioingizwa tu. Nilipomuuliza Bibi wimbo fulani aliowahi kuuguna jikoni, alifuta mikono kwenye kanga akasema, "Huo si wa simu." Nikaanza kueleza faida za kuhifadhi. Akarudia polepole, "Huo si wa simu." Nikanyamaza. Sikio lenye adabu linajua kukaa nje ya mlango, na hakuna hifadhi iliyo na haki ya kumiliki kila kitu. Usiandike maneno yake, usiuseme mdundo wake, usiutaje hata jina.

Hatua ya 10: Rudisha

Kabla hujamtumia rafiki, kabla hujaweka popote, mrudishie mwenyewe. Mpelekee kwa mkono kama anaishi panapofikika. Weka kwenye memori kadi na uiache kwake, au kwenye simu ya mjukuu anayekaa naye.

Mimi nilirudi Uyui mwezi wa tisa, na faili lile la kwanza, lenye michi. Bahati nzuri sikuwa nimelifuta. Nilikuwa pia nimeshajua wimbo unasema nini: mwanamke anamuuliza mchi habari za mume aliyekwenda Tanga kukata mkonge, manamba, na mchi unajibu lile lile kila unaposhuka. Yaani sauti niliyoifuta ndiyo iliyokuwa inajibu.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Nikaweka simu kwenye ungo, kando ya maharage, nikacheza. Alisikiliza mstari wa kwanza ameinamisha kichwa. Sauti yake ya simu ikafika mwisho wa mstari, na kabla mama mkubwa wa kwenye rekodi hajaitikia, Bibi akaitikia. Nami safari hii nikaitikia pamoja naye, mkono wangu ukipiga ukingo wa ungo, maharage yakirukaruka, mpaka faili likaisha na yeye akaendelea.